Jozi Saba Nyuma ya Jiko

Jumatatu saa tatu asubuhi Limi alishuka kwenye bodaboda pale machimbo ya Mwagimbi, begi la vifaa mgongoni na roli ya kebo begani, akalikuta jiko jipya la umeme limekaa uani juu ya boksi lake. Lilikuwa jiko jeupe la pleti nne na oveni chini, zito, la kusogezwa na wanaume wawili. Kuku mmoja alikuwa ameshalipanda. Limi akamfukuza kuku, akachuchumaa nyuma ya jiko, akasoma kibati chake. Kilowati tisa.

“Hili mlitaka kulichomeka wapi?” aliuliza.

“Kwenye soketi,” alisema Herman, mwenye machimbo. “Fundi aliyepita ameshaandaa kila kitu.”

Limi aliingia jikoni akaiangalia soketi. Ilikuwa imeungua pembeni kwa kazi ya jiko dogo la koili lililotumika kabla. Aliifungua. Nyaya zilikuwa nyembamba za kuchajia simu na kuwashia redio, na ule waya wa kijani wenye mstari wa njano, waya wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjwa ndani ya boksi. Fundi aliyepita hakuupeleka kokote. Limi akafyonya.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kagongwa, na leseni yake aliitembeza ndani ya mfuko wa nailoni kama wengine wanavyotembeza cheti cha ndoa. Alikuwa na tabia moja iliyomkosesha kazi nyingi: hajadiliani na mwenye nyumba juu ya ethi. Mambo mengine mtaongea, rangi ya soketi mtaongea, hata siku ya kumaliza mtaongea. Ethi haiongelewi.

“Lile jiko la zamani lilikuwa linanipiga shoti kila siku,” alisema Mwanne, mpishi, akiwa amesimama mlangoni na mwiko. “Nikigusa sufuria linanipiga. Ila hizi ndizo zilizoniokoa.”

Akanyanyua mguu. Alikuwa amevaa kandambili za kiume, namba kumi, za bluu, ukanda mmoja umefungwa kwa waya. Zilimpwaya kiasi kwamba alipotembea zilitangulia yeye akafuata.

“Za mume wako?”

“Za mwanangu, Sufiani. Yuko chini.”

Alisema hivyo kama mtu anavyosema yuko sokoni. Limi hakuuliza zaidi, kwa kuwa mambo ya Mwagimbi yalikuwa yanajulikana mpaka Kagongwa.

Pale Mwagimbi wachimbaji, wanaapolo, hushuka kwenye duara, shimo la dhahabu, wakiwa na buti, na kandambili zao huziacha mdomoni mwa shimo. Jioni msimamizi hahesabu watu, anahesabu jozi. Jozi ikibaki, mwenyewe yuko chini. Hakuna anayezivaa, hakuna anayeziruka, na hata mwizi wa machimboni, ambaye huiba mpaka sabuni iliyolowa, jozi iliyoko mdomoni mwa duara haigusi. Sasa masika ya mwaka jana, siku ya Alhamisi, duara namba tatu lilibomoka, na jioni zikabaki jozi saba. Herman alikuja akaziangalia. Akasema vijana hao walitoka kwa kupitia duara la jirani, wakasikia kuna rashi, dhahabu mpya iliyofumuka, huko Chunya, wakaondoka na buti zao miguuni, maana watu wa dhahabu ndivyo walivyo. Akaamuru kandambili zichomwe pamoja na takataka. Kisha zikaja tipa za udongo, kisha zege, kisha juu ya zege akajenga jiko la kulishia wafanyakazi.

Mwanne aliuwahi moto, akaokoa jozi moja. Wiki iliyofuata akaja kuomba kazi ya upishi kwenye jiko hilo hilo. Herman alimpokea vizuri. “Sufiani akirudi kutoka Chunya,” alimwambia, “atakukuta karibu.” Uovu wa namna hiyo una adabu zake, na ndiyo sababu unakaa muda mrefu.

Limi alifanya kazi siku mbili. Kwanza alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani, kwa sababu Herman alikuwa mtu wa kuwasha vitu ili kuona kama vinawaka. Akapima kwa tesita kwamba nyaya zimekufa kweli. Akavuta kebo nene ya milimita kumi kutoka kwenye boksi la breka mpaka jikoni, kebo ya jiko peke yake, haina soketi wala taa njiani. Akaipa breka yake, na breka nyingine ya kukata umeme pindi unapovuja. Swichi ya jiko akaiweka ukutani pembeni, si juu ya pleti, ili siku mafuta yakishika moto Mwanne aizime bila kupitisha mkono kwenye ndimi. Kebo akaipitisha chini, mbali na mgongo wa oveni. Kila skrubu aliikaza, kisha akairudia.

Ikabaki ethi. Alizunguka nyumba akitafuta udongo wenye unyevu. Pote palikuwa pakavu, isipokuwa nyuma ya jiko, ambapo palikuwa na ubichi hata kiangazi. Hapo akapigilia ethi rodi, fimbo ya shaba ya mita moja na nusu. Akapima. Kipimo kikasoma juu sana, maana yake ardhi haiupokei umeme. Basi akafanya wanachofanya mafundi wote wa ukanda huu ardhi inapokuwa ngumu: akachimba kishimo kuzunguka fimbo, akatia mkaa uliopondwa, akatia kilo mbili za chumvi ya mawe, akamwagia ndoo ya maji taratibu, akingoja inywe.

Hakunuia chochote. Ilikuwa ni kazi. Lakini kwa watu wa huku, uliyemtilia chumvi kwa mkono wako umemkaribisha mezani, na waliokuwa chini ya pale walikuwa hawajaonja chumvi kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Kipimo kilishuka mpaka tano, kikashuka mpaka mbili, kikasimama kwenye sifuri. Limi hakuwahi kuona sifuri maishani mwake. Akakigonga kipimo, kikabaki sifuri. Akaandika sifuri kwenye daftari lake, akafunika kishimo kwa kifuniko cha zege, akaunganisha jiko. Alimfundisha Mwanne kuzima ukutani kabla ya kufuta jiko kwa kitambaa kibichi, akanywa chai, akaondoka.

Jumatano Mwanne alipika chakula cha watu ishirini na wanne: ugali sufuria mbili, maharage, na dagaa. Saa saba alipopakua, sahani kumi na saba zikajaa na chakula kikaisha. Mwanne alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kupikia watu, na hakuwa amewahi kukosea hata kwa bakuli. Akakwangua sufuria. Hazikuwa na ukoko. Zilikuwa safi, kama zimefutwa na vidole.

Alhamisi akapika cha watu thelathini na mmoja. Zikapatikana sahani ishirini na nne, zimejaa vizuri. Ijumaa hivyo hivyo. Mwanne akaona basi hesabu imetulia, akaendelea na kazi. Lakini Herman, ambaye stoo aliifunga mwenyewe na kuifungua mwenyewe, aliona unga unapungua akasema kuna mwizi. Wanaapolo wakamwambia si mwizi, ni jiko, linachukua sahani saba. Herman akampigia simu Limi kwamba jiko alilofunga ni bovu.

Limi alikuja Jumamosi. Alipima jiko pleti kwa pleti, akapima oveni, akapima breka. Hakuna kosa. Kisha akashika kipimo cha koleo akakibana kwenye waya wa ethi wakati ugali unaiva. Umeme haukuwepo hata kidogo. Lakini waya ulikuwa wa moto, na ulinukia maharage.

Akatoka nje, akapiga magoti nyuma ya jiko, akanyanyua kifuniko. Akasikia wanaume wanakula. Hakuna anayeweza kukosea sauti hiyo: vidole vinakata tonge, mtu anavuta mchuzi, mwingine anaambiwa asogee. Kisha sauti moja ikasema, bila haraka, “Chakula kizuri. Pilipili tu ndiyo haipo.”

Mwanne alikuwa amesimama nyuma yake.

“Huyo ni Sufiani,” alisema. “Hali bila pilipili.”

Akaingia ndani, akatwanga pilipili kichaa, akaitia kwenye sufuria iliyokuwa juu ya pleti ya nne. Akatoka tena, akainama juu ya kishimo.

“Shikamoo mama,” ilisema sauti.

“Marahaba mwanangu. Imefika?”

“Imefika.”

Mwanne akakaa chini, miguu ameinyoosha, kandambili kubwa zikiangalia juu. Akalia kidogo, kwa furaha na kwa hasira, na hakuficha mojawapo. Kisha akasimama, kwa kuwa maharage yalikuwa yanakaribia kushika.

Sauti nyingine ikamsalimia Limi kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama. “Mwadila, mayu.”

“Mwadila. Wewe nani?”

“Maige. Tuko mimi, Doto, Wiliam, Adam, Hatibu, Eliya, na huyu Sufiani wa pilipili. Wewe ndiye uliyetutilia chumvi?”

“Ndiye mimi.”

“Tunashukuru. Ilikuwa nyingi kidogo.”

Limi akawaomba radhi. Akawaeleza kwamba kilo mbili ndicho kipimo cha udongo mgumu.

Herman alifika hapo akiwa na koleo la kukatia waya. Alikuwa ameshasikia, kwa sababu hata yeye ana masikio. Uso wake haukubadilika.

“Kata huo waya,” alisema.

“Sikati.”

“Jiko langu, waya wangu.”

“Na mpishi?” Limi alibaki amepiga magoti. “Jiko lisilo na ethi linapika vizuri tu, Bwana Herman. Linapika mwezi, linapika mwaka. Siku koili ikichubuka, bati lote hili linakuwa umeme, na anayelishika ni Mama Sufiani. Umeme hauna undugu na mtu. Mimi sijafunga jiko la kuua.”

“Atavaa kandambili.”

Limi akarudisha kifuniko mahali pake, akakikalia, akafungua begi lake, akatoa chupa ya chai.

“Ukitaka kukata,” alisema, “utaniomba nisogee. Na mimi sisogei.”

“Humo chini hamna mtu, fundi. Walienda Chunya.”

“Mtu aliyeko Chunya hali ugali wa hapa.”

Alikaa pale mpaka saa kumi na moja jioni. Wanaapolo walipotoka zamu walikuja wakasimama, hakuna aliyekwenda kuoga. Herman akaangalia koleo lake, akaangalia vifua ishirini na vinne vyenye vumbi, akasema ataleta mtu wa serikali aje kuukata kwa sheria.

Mtu wa serikali alikuja Jumanne na pikipiki ya ofisi. Aliitwa Davis, kijana mpole mwenye fomu za nakala tatu. Limi naye alikuja, kwa kuwa kazi yake ndiyo iliyokuwa inakaguliwa. Davis alikagua kebo, akakagua breka, akabonyeza kitufe cha kujaribia, umeme ukakatika kama inavyotakiwa. Alipopima ethi akakuta sifuri, akasema hiyo ndiyo ethi bora aliyowahi kuiona Kanda ya Ziwa. Kisha akapewa sahani ya chakula, akala, akaona kwa macho yake sufuria inapungua.

Mwanne akamshika mkono akampeleka nyuma. Akafunua kifuniko. Davis akainama akasikiliza, na walio chini wakamtajia majina, mmoja baada ya mwingine, na jina la kijiji cha kila mmoja.

“Unawasikia, baba?” aliuliza Mwanne.

“Nawasikia, mama.”

“Basi waandike.”

Davis akapekua fomu yake kurasa zote, hata nyuma. “Nitawaandika wapi? Hapa pana sehemu ya marehemu na sehemu ya majeruhi. Marehemu lazima pawe na mwili. Majeruhi lazima afike hospitali. Na hii ni sauti tu, mama, sauti haina namba ya kitambulisho.”

“Wafukueni, mtapata miili.”

“Kufukua lazima kwanza iandikwe kwamba kuna watu.”

Alikuwa anasikitika kweli, na masikitiko yake hayakumsaidia mtu. Akaandika: chakula kupungua, sababu haijulikani, huenda ni hitilafu ya jiko. Duara namba tatu: halina mtu. Mahali palipoandikwa “hali ya ethi” akaandika: nzuri sana, isiguswe. Akagonga muhuri.

Herman alisoma nakala yake mara mbili. Duara lilikuwa halina mtu, na hilo lilimpendeza. Ethi isiguswe, na hilo lilimchoma. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na hasira isiyoleta faida. Davis alipoondoka, alisogea kwenye kishimo akachuchumaa, akaongea kwa sauti aliyokuwa akiitumia kupanga zamu.

“Vijana, sasa nyinyi mnakula hapa. Anayekula afanye kazi. Hapo mlipo pana mkanda mzuri wa mawe ya dhahabu, mimi naujua. Pandisheni mawe kwa njia hiyo hiyo chakula kinayoshukia.”

Kula kukasimama. Wanaapolo wote waliokuwa uani walisikia kulivyosimama. Kisha akajibu Doto, ambaye kwa maelezo ya waliomjua alikuwa mtu wa maneno machache tangu alipokuwa hai.

“Tupandishe sisi kwanza.”

Herman akasubiri. Vidole vikaanza tena kukata tonge, taratibu. Herman akanyanyuka, akajifuta magoti, akasema hayo ni maneno ya watu walioko Chunya, akaenda kuangalia karasha, mashine yake ya kusagia mawe. Hakuwafukua. Alikuwa amepiga mahesabu kimya kimya, akaona kuwalisha ni kwepesi kuliko kuwatoa, na kuanzia siku hiyo alitoa unga wa watu thelathini na mmoja bila kusema ule wa watu saba ni wa nani.

Limi alikuwa anafunga begi lake aondoke. Akasimama kidogo, akarudi, akapiga magoti mara ya mwisho.

“Wewe Maige, unavaa namba ngapi?”

“Nane.”

“Na wenzako?”

Kukawa na minong'ono. Doto nane. Adam na Hatibu tisa. Eliya saba, ana mguu mdogo, na wakamcheka. Wiliam kumi na moja, na alisema kama zipo za njano angependa za njano.

Jumatano Limi alirudi kutoka Kagongwa na mfuko wa nailoni. Alitoa jozi sita mpya akazipanga nyuma ya jiko, kuzunguka kifuniko cha zege, visigino nje na vidole vikielekea shimoni, kama zinavyowekwa mdomoni mwa duara lolote. Za Wiliam zilikuwa za njano. Ikabaki nafasi moja.

Mwanne alitoka jikoni. Alitazama ile nafasi. Kisha akavua zile za bluu, namba kumi, zenye ukanda uliofungwa kwa waya, akazipangusa kwa kanga, akaziweka mahali pake.

“Sasa utasimamaje kwenye jiko?” aliuliza mmoja wa wanaapolo.

“Peku,” alisema Mwanne. “Fundi amefunga ethi.”

Akaingia ndani, akasimama peku juu ya zege, akawasha swichi ya ukutani, akashika sufuria kwa mikono miwili. Jiko halikumpiga.

Jioni Herman alizikusanya zote saba kwenye toroli akazipeleka jalalani. Asubuhi zilikuwepo pale pale, zimepangwa, zimepanguswa vumbi. Alizikusanya tena Ijumaa. Jumamosi zilikuwepo. Aliwauliza wanaapolo ishirini na wanne ni nani anayezirudisha, na kila mmoja alijibu kwamba ni yeye.

Mpaka leo zipo. Msimamizi anapofunga kazi anapita duara namba moja, anapita namba mbili, kisha anapita nyuma ya jiko, na kote anahesabu kwa sauti. Kule kwingine anakuta sifuri. Pale anahesabu moja mpaka saba, Herman akiwa amekaa barazani kwake anasikia, kisha msimamizi anasema hadharani, kama sheria ya machimbo inavyotaka jozi zinapobaki:

“Zamu haijaisha. Bado kuna watu chini.”